Maji Yanayobeba Mtu

3 Machi

Mdogo wangu Wembe,

Pokea salamu kutoka huku nilikotumwa kuitafuta nyonga yangu. Mimi mzima, nyonga ndiyo inayojifanya mgonjwa. Wewe hujambo? Wifi yangu hajambo? Mwambie vitu vyote alivyonifungia vimefika, ila chupa ya mafuta ya nywele ilifunguka njiani na sasa nguo zangu zinang'aa kuliko mimi mwenyewe.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Nimekaa kwenye mitambo ya kuunganisha simu tangu usichana mpaka kustaafu, nikisikiliza halo za watu asubuhi mpaka jioni. Nilipostaafu mimi, na masikio yalistaafu. Halafu barua haikatiki katikati.

Chumba nilichopanga kiko chini, nyuma ya duka la dawa. Kina kitanda, meza, na kabati lisilofunga mpaka ulisukume kwa goti. Kwa kuwa magoti ndiyo yaliyobaki mazima, tunaelewana. Dirishani naliona ziwa.

Ziwa lenyewe si ziwa hasa. Ni bahari iliyopenya nyuma ya tuta refu la mchanga, ikapapenda, ikahamia. Mawimbi yamebaki upande wa pili yakigomba peke yao, huku maji yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Jua linayapasha moto kutwa na chumvi haina pa kwenda, kwa hiyo ni vuguvugu na yana chumvi kuliko bahari iliyoyazaa. Kila asubuhi wazee wa mji huu wanaingia humo na kofia zao. Kutoka dirishani kwangu unaona kofia tu zinaelea, na unasikia umbea.

Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenishughulikia baada ya upasuaji aliniambia nije nitembee ndani ya maji, kwamba maji yatabeba uzito ambao nyonga haiuwezi. Ni rahisi yeye kusema. Mimi na wewe tumezaliwa mahali ambapo maji mengi kuliko yote yalikuwa ya kwenye pipa. Tangu nifike naenda mpaka ukingoni na fimbo yangu, nalowesha vidole, narudi kunywa chai. Kuna mzee mmoja, dereva wa mabasi mstaafu, wanamwita Breki. Leo ameniuliza kama nimeajiriwa kulinda ziwa lisiibiwe.

Nisalimie wateja wote wenye nywele, na wasio nazo pia.

Dada yako


19 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mke wangu anasema chupa ile aliifunga kwa mkono wake mwenyewe, ukamgombeze dereva wa basi. Binti yetu ameandika kutoka huko anakofundisha, anasema darasa limejaa mpaka watoto wengine wanakaa dirishani, na wale wa dirishani ndio wanaoelewa. Anakuamkia.

Kwenye saluni mambo ni yale yale. Mwenzangu wa kiti cha pili ameleta kioo kipya kikubwa, na tangu kije wateja wamekuwa wapole. Cha zamani kilikuwa na ukungu, kila mtu alijiona kijana. Hiki hakina huruma.

Chumba cha uani nimekipaka rangi ya njano, ile uliyosema inamwamsha mtu na furaha. Nimetoa kizingiti mlangoni usije ukajikwaa. Mke wangu ameshona mapazia. Kwa hiyo tusemane ukweli, dada: wewe huko unasimama ukingoni mwa maji unalowesha vidole. Hata huku kuna beseni. Rudi tukutunze. Nani atakuletea chai ukiamka na maumivu? Huyo Breki?

Mimi sijambo. Uchovu mdogo tu. Uzee unabisha hodi na mimi najifanya sipo nyumbani.

Mdogo wako


7 Aprili

Wembe wangu,

Hujambo? Nimefurahi kusikia habari za mapazia. Mwambie wifi kwamba nguo bado zinanukia vizuri, na kwamba nimemsamehe dereva wa basi.

Sasa kaa kitako nikwambie. Nimeingia.

Haikuwa kwa ushujaa. Kuna mwanamke anayewafundisha watu mazoezi ndani ya maji, mfupi, sauti kama ya mnada. Tunamwita Kocha. Alinikuta pale ninaposimama siku zote, akachukua fimbo yangu, akaichomeka mchangani mbele yangu hatua chache ndani ya maji, akaniambia nikiitaka niifuate. Nilimtukana moyoni, nikaifuata. Nilipoishika, maji yalikuwa kiunoni. Nikasimama pale nimeikumbatia kama mume aliyerudi safari.

Basi nikasubiri maumivu yale ninayoamka nayo kila siku. Hayakuja. Nikainua mguu mbaya, ukapanda wenyewe, mwepesi, kama si wangu. Nikapiga hatua, nikapiga nyingine. Mwishowe Kocha akanilaza chali. Nilikaza shingo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akaniambia, "Mama, haya maji yana chumvi. Hata ukitaka kuzama yatakukatalia." Na kweli. Nikalegea kidogo, masikio yakaingia ndani, dunia ikanyamaza. Wembe, sijawahi kusikia kimya kama kile tangu niajiriwe.

Sasa naingia kila asubuhi. Baada ya mazoezi hakuna anayetaka kutoka, basi tunakaa pale maji yanapofika kifuani tunaongea. Wapo wenye magoti, wapo wenye migongo, yupo mmoja mwenye ngozi inayomwasha ambaye anasema hapa ndipo anapolala vizuri. Wapo pia wazima kabisa waliokuja kutembea wiki moja wakasahau kuondoka. Jioni wanacheza dama kwenye meza iliyowekwa ndani ya maji ya kifundo cha mguu. Breki anaiba. Anasukuma kete kwa kisingizio cha wimbi, na huku hakuna mawimbi.

Kuhusu kurudi, tutaongea. Nipe muda.

Jambo moja. Mwandiko wako umekuwa mdogo. Unaanza vizuri, halafu kila mstari maneno yanazidi kusinyaa, mpaka mwisho nilitumia kioo cha kukuzia. Karatasi zimepanda bei? Jipe nafasi.

Dada yako anayeelea


2 Juni

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Kalamu niliyokuwa nayo ilikuwa mbovu. Hii ni mpya.

Wote wazima. Binti anakuja likizo. Mwenzangu siku hizi ananisaidia ndevu zote, mimi nimebaki na mashine na maongezi. Macho tu haya, mwanga wa pale mlangoni si mzuri.

Chumba cha njano kipo. Mke wangu anafuta vumbi kila wiki, vumbi la mtu ambaye hajaja. Sikulaumu. Lakini umeandika barua nzima kuhusu maji na mstari mmoja kuhusu sisi. Tutaongea, umesema, kama unavyomwambia mtu uliyemchoka. Kama umepata watu wengine wa kuzeeka nao, sema, nikijaze mahindi hicho chumba.

Nimechoka mkono, naishia hapa.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Leo sitapamba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hasira yako nimeipokea, ni haki yako, na nitaijibu. Lakini kwanza kuna kitu kingine. Mtu akikaa kwenye mitambo ya simu miaka yote ile, anajifunza kusikia pale mwenzake anapomeza neno. Anayesema hajambo haraka haraka, huyo ana jambo. Kalamu ni mpya na mwandiko umezidi kuwa mdogo. Kinyozi anayeitwa Wembe ameacha kunyoa ndevu. Na mwisho umeandika umechoka mkono, si macho.

Nakumbuka baba alivyokuwa anaukalia mkono wake wa kulia kila wageni wakija. Fundi saa mzima, anakalia mkono. Tulikuwa tunajua wote na hakuna aliyesema. Wewe ndiye uliyemlisha mpaka mwisho, kwa hiyo wewe ndiye unayeijua njia yote hiyo, kona kwa kona. Ndiyo maana naogopa kukuuliza, na ndiyo maana nakuuliza.

Mkono unatetemeka?

Huna haja ya kuandika barua ndefu. Andika ndiyo au hapana, hata kwa herufi za sisimizi. Nitatafuta kioo.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Ndiyo.

Ulianza mwaka jana, kidole gumba tu, nikasema ni mashine za kunyolea, zinatingisha. Halafu ukaendelea hata mashine ikiwa imezimwa. Nikawa nawahi kazini kabla ya mwenzangu ili nijaribu wembe kwenye puto, kama walivyotufundisha ujanani. Unapaka puto povu, unalinyoa. Nilipasua maputo mengi, dada. Nikawa naokota vipande kabla hajafika mtu.

Mwezi wa nne nilimkata mteja. Yule mwalimu mkuu wa zamani, ambaye nimemnyoa tangu ana nywele nyeusi. Ndevu zilikuwa zimebaki kidogo chini ya sikio. Mkono ukaruka. Haikuwa kubwa, lakini sikio lina damu usiyoitegemea. Saluni nzima ikageuka, na kile kioo kipya kikatuonyesha wote. Nilimkandamiza na taulo. Yeye akanitazama kwenye kioo, akasema, "Malizia."

Sikuweza. Mwenzangu ndiye aliyemalizia. Nikawaambia watu ni macho, wakakubali, kwa sababu wananipenda.

Nimekwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Ni ugonjwa ule ule wa baba. Amenipa dawa, zinasaidia kiasi, amesema unakwenda polepole na kwamba siku hizi si kama wakati wa baba. Nilimsikia. Lakini aliyemlisha baba uji ni mimi, si yeye.

Mke wangu sijamwambia. Ila siku hizi ananimiminia chai nusu kikombe. Zamani alikuwa anajaza mpaka juu. Hajasema neno, na mimi sijasema, tunakunywa.

Sasa umejua kwa nini nilitaka urudi. Nilisema nikutunze, kumbe nilitaka pawepo mtu nyumbani atakayejua bila kuambiwa. Usimwambie mtu. Na usiniite huko kwenye maji yenu. Sitaki kuwa maonyesho.

Wembe, jina tu limebaki


12 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Nilipomaliza kusoma nilifunga dirisha nikalia, halafu nikanawa nikaenda majini, nikalia tena huko. Huko ni rahisi, kila mtu ana maji ya chumvi usoni.

Sitakudanganya. Nilimuuliza Kocha, bila kutaja jina lako, kama ziwa hili linaponya mtetemeko. Alinijibu wazi kwamba haliponyi. Anayesema linaponya anauza kitu. Alichoniambia ni kwamba mwili uliokaza hulegea kwenye maji ya joto, kwamba mtu mwenye ugonjwa huo anaweza kufanya mazoezi ya kujizuia asianguke bila kuogopa kuanguka, na kwamba wengi wanalala vizuri baadaye. Dawa zako unaendelea nazo, na daktari wako aulizwe kwanza. Ni hayo tu. Si muujiza. Na mimi nyonga yangu haijawa ya msichana, bado natembea na fimbo nikitoka. Lakini kuna saa moja kila siku ambayo siumwi, na ile saa inanibebea siku nzima.

Kuhusu maonyesho: ndani ya maji watu wote wana vichwa tu. Mikono ya mtu haionekani. Kuna mama hapa tumeongea miezi miwili nikaja kugundua hana mguu mmoja siku aliyotoka kabla yangu.

Nakujibu na ile hasira yako. Kweli nilikuwa nakwepa kusema. Sirudi kuishi huko, Wembe. Si kwa sababu nimewachoka. Tangu nifiwe na mume, kila mtu alikuwa ananishika kiwiko. Wewe pia, kwa upendo wote, ulitoa kizingiti mlangoni. Huku kwa mara ya kwanza hakuna anayenishika, na sianguki. Sasa Kocha ananipa wageni wanaoogopa maji, nikae nao ukingoni. Anasema hakuna anayeijua hofu ile kama mimi. Nina kazi tena.

Breki usimuulizie. Ni rafiki wa majini tu, nchi kavu hatufahamiani.

Kwa hiyo kama mimi siji, njooni nyinyi. Wewe na wifi. Lakini kwanza mwambie. Mwanamke anayepunguza chai bila kusema anakungoja wewe uanze. Usimwache na hilo birika peke yake.

Dada yako anayekupenda kuliko maji


1 Agosti

Dada, shikamoo.

Mwandiko ni wa mke wangu, maneno ni yangu, isipokuwa pale atakapoingilia. Nimemwambia. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja mpaka zikaisha, ndipo akasema alijua kuna jambo tangu maputo. Aliyakuta kwenye mfuko wa koti.

(Wifi, nilidhani ana mtoto mahali. Maputo ya rangi zote. Nilipojua ni ugonjwa nilishukuru, halafu nikajisikia vibaya kwa kushukuru.)

Hilo sikumwambia aandike. Daktari amekubali, amesema nisikose dawa hata siku moja. Tunakuja baada ya binti kurudi kazini. Mimi nitakaa kivulini. Maji nitayaangalia.

(Ataingia.)

Mdogo wako na katibu wake


21 Septemba

Dada yangu, shikamoo.

Tumefika nyumbani salama. Hii nimeandika mwenyewe, kidogo kidogo, tangu Jumatatu, kwa hiyo tafuta kioo usilalamike. Mke wangu anakuamkia. Tangu turudi anamwaga chumvi kwenye beseni la kuogea akitafuta ziwa, na amegundua kwamba beseni ni beseni tu.

Kule nilicheka sana na kula sana, na yale ya maana sikuyasema. Ulinijua, hukunilazimisha. Nayaandika sasa.

Siku zile za mwanzo nilipokaa kwenye kiti cha turubai na viatu vyangu miguuni, nilikuwa nakuangalia wewe. Ulikuwa unaingia na wale wageni waoga, umewashika vidole viwili tu, unawaambia mambo nisiyoyasikia. Nilikuwa na picha ya dada mgonjwa niliyekuja kumwona. Huyo hakuwepo. Nikakaa pale na huruma yangu yote, sina wa kumpa. Ilibidi nijigawie mwenyewe, na haikunikaa.

Breki alipokuja kukaa karibu yangu nilijua amekuja kunishawishi. Hakunishawishi. Aliniambia kwamba aliacha basi baada ya kusinzia barabarani akiwa na abiria, hakuna aliyeumia, na kwamba kwa mwaka mzima alikuwa anavaa sare kila asubuhi anakwenda kukaa stendi, ili majirani wasijue. Halafu akaniuliza, "Wewe bado unavaa sare?" Akaenda zake kucheza dama. Dada, huyo mtu ana adabu. Kama nchi kavu hamfahamiani, mfahamiane.

Ndipo nikavua viatu.

Mkono haukuacha kutetemeka. Ulidhani umeacha kwa sababu ulikuwa chini ya maji, na mimi nilikuacha udhani. Uliendelea pale pale, kama samaki mdogo. Ila kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sikuwa na kazi ya kuuficha, na ile kazi ya kuuficha, nimekuja kujua, ndiyo iliyokuwa inanichosha kuliko mtetemeko wenyewe. Mke wangu alikuwa anaelea upande wangu wa kushoto, kofia imemfunika macho, anaimba. Miaka yote ya ndoa sikujua kama ana sauti.

Niliporudi nilikwenda saluni siku ya watu wengi. Niliwaambia, si macho, ni mkono, ni ugonjwa wa baba yangu, na wembe nimeuweka chini. Nilitegemea kimya. Mwalimu mkuu akasema basi kiti changu nikikalie mimi, wao wanakuja kwa maneno yangu, nywele zenyewe wengi hawana. Sasa nakaa pale, mwenzangu ananyoa, tumemchukua kinyozi mpya msichana mwenye mkono mwepesi, namfundisha. Nilimpa maputo. Hakupasua hata moja, nikamchukia kwa muda wa dakika tano hivi, halafu nikafurahi.

Chumba cha njano tumempa yeye. Hana ndugu hapa mjini. Nilitaka ulisikie kwangu.

Sasa lile la mwisho. Ile asubuhi uliponilaza chali. Ulisimama nyuma yangu, ukaweka viganja vyako chini ya kichwa changu, ukaniambia nilegeze shingo. Nikakwambia imelegea. Ukasema bado. Tukakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikasikia kichwa changu kinakuwa kizito mikononi mwako, kizito kabisa, na nikakuachia. Uliona nimefumba macho, ukadhani ni jua.

Nimeshika vichwa vya watu tangu nina miaka kumi na saba. Vya watoto wanaolia, vya mabwana harusi, vya wazee wanaosinzia. Baba nilimshika chake mpaka siku ya mwisho. Sikuwahi kujua wanasikia nini.

Tutarudi mwezi wa kumi na mbili. Mke wangu ameshajinunulia nguo ya kuogelea, na rangi yake nimekatazwa kuitaja.

Mdogo wako